Rimiksi ya Evaline na Kengele ya Mabaka

Siku za shule Evaline alikuwa na ratiba ambayo mama yake, Monika, hakukubali ipinduliwe. Akifika nyumbani, kijijini Mwamkulu, alivua sare, akaosha vyombo vya mchana, akachambua mchele wa jioni, ndipo akaruhusiwa kuwasha kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa mpakato ya zamani aliyoachiwa na binamu yake aliyehamia Tabora. Kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka, na kioo kilikuwa na mstari mweusi pembeni. Ilichajiwa kwa sola, kwa hiyo siku za mawingu binti huyo naye alinuna kutwa nzima.

Alichokifanya kwenye kompyuta hiyo ndicho kilichowashangaza watu. Alitengeneza rimiksi za muziki wa gemu, yaani alichukua wimbo uliomo ndani ya gemu na kuupanga upya kwa sauti zake mwenyewe. Wakati huo shule nzima ilikuwa imepagawa na gemu moja ya simu, ya kinyonga anayepanda mnara. Muziki wake ulikuwa mfupi, unazunguka na kujirudia mpaka unajikuta unauimba huku unapiga mswaki. Wenzake walikazana kumfikisha kinyonga kileleni. Evaline alimwacha kinyonga aanguke, yeye kafumba macho anasikiliza.

"Wewe Eva, unacheza au unasali?" aliuliza rafiki yake Pelagia, ambaye simu ilikuwa ya kwao.

"Hebu nyamaza kidogo. Kuna sauti nene huko chini kabisa. Nyie hamuisikii kwa sababu ya kelele za kinyonga."

Baba yake Pelagia, Mwalimu Telesfori, alikuwa mpiga kinanda wa kwaya, na ndiye aliyemfundisha Evaline kupanga muziki. Alimwambia kwanza auimbe wimbo kwa mdomo mpaka aujue kama jina lake, kisha aitafute ile sauti nene, na baada ya hapo aamue ni chombo gani kiseme na kipi kinyamaze. "Wote wakiongea kwa pamoja, hapo hakuna kikao," alipenda kusema. Alimwonya pia asifute kamwe sauti mbichi, yaani ile aliyoirekodi kabla ya kuikata na kuipamba, hata kama anaiona mbaya. Evaline alishika kila neno.

Na tuseme ukweli, subira ya mtoto yule ilikuwa ya ajabu. Ngoma za kwenye kompyuta hazikumridhisha, akaamua kutumia mchi na kinu. Alimtegea mama yake jikoni simu yake kuukuu, isiyokubali gemu ila kurekodi, akamrekodi anatwanga, akafuta, akamwomba atwange tena.

"Eva mwanangu, nitwange mpaka lini?" mama alilalamika. "Kisamvu hiki kimeshakuwa uji!"

"Mara moja tu, mayu. Safari hii usikohoe."

Mama alicheka, akatwanga tena bila kukohoa. Mlio huo ukawa ngoma ya Evaline, na aliusogeza mbele na nyuma kwenye kompyuta mpaka ukakaa pale alipotaka. Lakini wimbo bado ulikuwa na pengo. Ulihitaji sauti nyembamba inayong'aa juu ya nyingine zote.

Aliipata jioni moja, ng'ombe wakirudi. Ilikuwa kengele ya Mabaka.

Mabaka ndiye ng'ombe aliyeongoza kundi la baba yake, Mzee Lyamba. Kengele yake ya chuma ilitoka Maswa pamoja na babu, miaka ile familia ilipohama na mifugo kuja Katavi. Ndani yake kilining'inia kipande cha mpingo alichokichonga babu mwenyewe, nao walikiita ulimi. Huko machungani nyasi hufika kimo cha mtu mzima, na mchungaji hawaoni ng'ombe wake, anawasikia. Ng'ombe nao ni hivyo hivyo, kengele inakoelekea ndiko wanakokwenda. Ndiyo maana pale nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kuivua ila Mzee Lyamba peke yake.

Evaline alianza vizuri. Alimfuata Mabaka njia ya kisimani, simu mkononi, akamrekodi akitembea. Aliposikiliza alikunja uso. Upepo ulivuma, ng'ombe walilia, kaka yake Malale alipiga mluzi, na kengele yenyewe haikushika mapigo kwa sababu Mabaka alichechemea mguu wa nyuma. Akaihifadhi tu kwa kuwa mwalimu alisema isifutwe.

Jumamosi alasiri ng'ombe walikuwa wamesharudi zizini kwa siku hiyo, wamepumzika baada ya kunywa maji. Baba alikuwa mnadani, mama shambani, na Malale alikuwa anakula. Evaline aliingia zizini kimya kimya, akaifungua kengele, akakimbilia nayo chumbani. Alijifunika blanketi ili sauti isitoe mwangwi, akaanza kurekodi. Ililia safi kabisa! Basi roho ikamtuma apate iliyo kubwa zaidi. Akaitikisa kwa nguvu zake zote, na ule ulimi wa mpingo ukapasuka vipande viwili.

Alikaa chini ya blanketi, vipande mkononi. Kisha alichukua nati ya chuma kwenye kopo la spea za baiskeli, akaining'iniza kwa kamba mahali pa ulimi, akamrudishia Mabaka kengele shingoni. Vile vipande alivificha chini ya godoro. Kengele sasa iligonga kama bati bovu. Evaline alijiambia kuwa ng'ombe ni ng'ombe tu, wanajua nini kuhusu sauti. Yeye, mtoto anayesikia sauti nene iliyojificha chini ya kelele za kinyonga, ndiye aliyejiambia hivyo.

Kesho yake, Jumapili, alirudi kutoka kanisani akaketi kwenye kompyuta. Alikuwa akiiweka sauti mpya ya kengele mahali pake kwenye wimbo aliposikia baba anafoka uani. Ng'ombe walikuwa wamerudi kunywa maji, lakini mitamba wawili hawakuwemo, na mmoja wao alikuwa na mimba kubwa.

"Ulilala!" baba alimfokea Malale.

"Sikulala, baba. Kengele ndiyo ilikuwa mbaya. Mabaka alikwenda huku, wengine wakabaki wanashangaa. Nimerudi naye hadi bondeni kuwatafuta, hakuna aliyeitika. Ilikuwa inagonga kama kopo."

"Kengele! Kengele hiyo naisikia tangu sijaota ndevu, leo ndiyo ikuharibikie wewe?" Baba alikuwa na hasira, na wala hakugeuka kumtazama Mabaka. "Porini kuna fisi. Giza likiingia hatuna mitamba tena. Na chuo cha ufundi Januari usahau. Asiyeweza kuangalia ng'ombe ataangaliaje mashine?"

Malale aliinamisha kichwa. Alikuwa amekisubiri chuo kile tangu amalize shule. Tena yeye ndiye aliyepanda juu ya bati na kumrekebishia mdogo wake nyaya za sola, ili apate moto wa kompyuta.

Evaline alisimama mlangoni. Aliona kuwa akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Aliona pia uso wa kaka yake, na hilo hakuliweza.

"Eva, kuna nini?" mama aliuliza.

Aliingia ndani, akainua godoro, akarudi na vile vipande viwili kwenye kiganja.

"Baba, Malale hakulala. Mimi niliivua kengele nikaivunja. Ndani nimeweka nati."

Mzee Lyamba alivichukua vipande. Alivitazama kwa muda, akavigeuza, akapitisha kidole palipochongwa na baba yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, baba."

"Uliogopa, halafu ukamwachia kaka yako aibebe hofu yako." Hakupaza sauti, na hiyo ilimwuma Evaline kuliko kufokewa. Machozi yalimtoka.

Alijifuta kwa mkono, akasema, "Lakini baba, sauti yake ninayo."

Baba hakuelewa. Malale ndiye aliyeelewa. "Eti nini? Ya zamani? Ile ile?"

"Ile ile. Iko kwenye simu na kwenye kompyuta."

"Oya, twende kwa Baba Pelagia!"

Mwalimu Telesfori alikuwa na spika ya kwaya inayotumia betri. Alipoelezwa hakuuliza mengi, aliifunga kwenye pikipiki yake, na wengine wakamfuata kwa miguu hadi bondeni, mahali Malale alipowaona mitamba mara ya mwisho. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Evaline aliunganisha simu, akapiga ile kengele safi aliyoirekodi chini ya blanketi. Ilienea juu ya nyasi, nzuri, imenyooka, inajirudia vile vile kama muziki wa gemu.

Walisikiliza. Ndege walijibu, ng'ombe hawakujibu. Akairudia. Kimya.

"Basi," alisema baba, akainama kuokota fimbo yake. "Tuingie kutafuta kwa miguu."

"Ngoja, baba. Ngoja kidogo." Evaline alifumba macho kama alivyofanya siku zote kwenye gemu. Sauti ilikuwa yenyewe, lakini kuna kitu hakikuwepo. "Mabaka hatembei hivi! Huyu hachechemei. Kengele hii haina miguu!"

Alipekua simu mpaka akaipata ile sauti mbichi ya njia ya kisimani, ile aliyoikunjia uso. Akafungua spika hadi mwisho. Upepo ulivuma, ng'ombe walilia, Malale wa kwenye simu alipiga mluzi, na katikati yao kengele ikaja inachechemea. Ngo, ngo-ngo. Ngo, ngo-ngo. Aliyefumba macho angeapa kuwa Mabaka anapita pale.

Mbali ndani ya nyasi kukasikika mlio mmoja.

"Huyo!" Malale alishika bega la mdogo wake. "Usizime, Eva, usizime!"

Mlio ulijibu tena, karibu zaidi. Nyasi zilitikisika, akatokea mtamba wa kwanza anatembea upesi upesi, na nyuma yake yule mwenye mimba, taratibu, tumbo likiyumba. Walikuja moja kwa moja hadi kwenye spika, wakainusa, wakaangaza huku na huku kumtafuta Mabaka. Mwalimu Telesfori alicheka hadi akashika magoti. Evaline alicheka na kulia kwa wakati mmoja, wala hakuona aibu.

Baba alimgeukia Malale kwanza. "Mwanangu, nimekukosea. Ulisema kweli, mimi sikukusikiliza. Januari utakwenda chuo."

"Asante, baba," alisema Malale, akatazama pembeni haraka ili wasimwone macho.

Kisha Mzee Lyamba alimtazama binti yake. "Na wewe, tangu kesho ukitoka shule kompyuta itangoja. Utakwenda kumsaidia kaka yako kurudisha ng'ombe, mpaka kengele ipone."

"Sawa, baba," alijibu Evaline. Aliona ni haki, nasi tunaona ni haki.

Kengele ilipona wiki hiyo hiyo. Baba alipata kipande cha mpingo, akakaa mlangoni kukichonga. Alikining'iniza ndani ya kengele, akatikisa, akaona inafaa. Lakini kabla ya kumvalisha Mabaka alimwita Evaline.

"Njoo na simu yako. Sikiliza kama ndiyo yenyewe."

Evaline aliisikiliza ya kwenye simu, akaisikiliza ya mkononi mwa baba. "Bado, baba. Hii ni nene. Punguza kidogo huku chini."

Mzee Lyamba, ambaye hakuna mtu pale nyumbani aliyezoea kumwambia bado, alichukua kisu akapunguza. Akatikisa tena. Evaline alitikisa kichwa. Baba akapunguza tena, taratibu, hadi binti yake alipotabasamu.

Mwisho wa muhula rimiksi ilipigwa shuleni kwa spika ile ile ya kwaya. Evaline alisimama akawaambia wenzake kuwa wimbo ni wa gemu na mtunzi wake yeye hamjui, mpangilio ni wake, kutwanga ni kwa mama yake na kengele ni ya babu. Kisha mchi ukaanza, sauti nene ikaingia, na juu yake kengele ikapita inachechemea, pamoja na upepo wake na mluzi wa Malale. Hakuikata wala hakuinyoosha. Wanafunzi waliposikia wimbo wa kinyonga umegeuka kuwa kundi la ng'ombe linarudi nyumbani, walipiga kelele na kuomba urudiwe. Mama Monika alikaa nyuma na kumwambia kila aliyekuwa karibu kuwa anayetwanga ni yeye.

Mzee Lyamba alisikiliza hadi mwisho. Walipotoka alimshika binti yake mkono.

"Una masikio, mwanangu, na una subira. Nimekuona unafanya kazi, na ninakusifu. Lakini sikia. Ile siku, aliyewarudisha mitamba ni mtoto aliyenyoosha mkono akasema, mimi nimevunja. Usingesema, sauti yako ingebaki ndani ya simu, na kaka yako angebaki na aibu isiyo yake. Ukitaka kitu, omba. Ukikiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla hakijaharibu kingine."

"Nimesikia, baba."

Walitembea kidogo. Kisha baba akauliza, akitazama mbele kama mtu asiye na haja, "Hivi ile sehemu ya kengele, unaweza kuipiga tena tukifika nyumbani?"