Jirani wa Ukuta wa Nyuma

Treni ya saa kumi na moja na nusu alfajiri ilikuwa imeshajaa, na Karani alijua kabisa kwamba atasimama mpaka mjini. Alivaa sketi nyeusi ya kubana, blauzi ya rangi ya maziwa, na viatu vya kisigino alivyonunua kwa kiburi na ambavyo sasa vilikuwa vinamtesa. Mara akapanda kijana mrefu, shati la samawati limekunjwa mikono, unga wa mbao kwenye nyusi, kabeba kiti kichwani. Kiti kizima jamani, chenye mgongo na mikono!

"Samahani, kiti kinapita, kiti kinapita." Watu wakampisha huku wanacheka. Akakitua mbele ya Karani. "Dada, kaa."

"Mimi?"

"Miguu yako inalia, naisikia tangu mlangoni."

"Si cha mtu hiki?"

"Cha mteja. Hakijakaliwa bado. Kikivunjika, bora nijue kabla sijamfikishia."

"Kwa hiyo mimi ni mzigo wa majaribio?"

"Mzigo mzuri lakini."

Behewa zima likaangua kicheko. Karani akakaa, na uso ukamwaka hadi masikioni. Walipofika mjini, yule kijana, Fundi, alikuwa na namba yake ya simu, na Karani hakukumbuka ameitoa saa ngapi.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi behewa la tatu, jioni behewa la tatu, na katikati simu zisizoisha.

"Karani wangu, umekula?"

"Niko kazini, Fundi. Bosi ananiangalia."

"Mwambie nakuangalia zaidi yake."

"Toka hapa!" Alikata simu, akabaki anaichekea meza.

Kazi yake ilikuwa kuandika barua kwenye kampuni ya bima, zile za kuwaambia watu kwa adabu kwamba hawatapata kitu. Alizijua mpaka usingizini. Ndiyo maana kule mtaani walimfanya katibu wa kamati ya wakazi. Mtaa wenyewe ulikuwa wa watu wa treni: nyumba za paa moja, mageti ya chuma, miti iliyopunguzwa sawasawa kama kwa kipimo cha kamba. Wanatoka giza halijaisha, wanarudi giza limeshaingia. Mtu anaweza kukaa pale miaka sita asijue sura ya jirani yake, lakini kikohozi chake akakitambua.

Wiki ya tatu, Karani akauliza swali la kawaida tu. "Hivi wewe umeanza lini kupanda treni? Sikuwahi kukuona."

"Mimi sikuwa mtu wa treni," Fundi akasema. "Nilikuwa na karakana uani, nyumbani kwetu. Nafanya kazi huku namwangalia mama. Miguu yake haina nguvu tangu augue. Akiita, naacha randa, nakwenda. Tukaishi vizuri. Kisha watu wa mtaa wakaandika barua halmashauri eti kelele. Siku moja akaja ofisa, akafunga mashine zangu kwa lakiri. Sasa nimekodi meza kwenye karakana ya mtu mjini, usiku namalizia kwa msasa nyumbani, na mchana mama anashinda peke yake."

"Mtaa gani huo?" Karani akauliza.

"Huu huu wa kwenu. Ile nyumba ya geti la kijani, barabara ya pili. Nyuma yetu kuna ukuta wa mtu ambaye sijawahi hata kumwona."

Huo ukuta ulikuwa wa Karani. Na barua aliiandika yeye.

Aliiandika Jumamosi moja, kichwa kinamgonga, baada ya wiki nzima ya kuamka saa kumi. Alitaka kulala tu. Ile mashine ikaanza kunguruma nyuma ya ukuta, naye badala ya kuvaa kandambili akazunguka kona kusema "jirani, hodi", akafungua kompyuta. Dakika kumi zilimtosha. Na kwa kuwa barua ya mtu mmoja haina uzito, akapiga chuku: *Kaya ishirini na sita zimelalamika mara kwa mara.* Hakukuwa na kaya ishirini na sita. Alikuwepo yeye na maumivu yake ya kichwa. Akagonga mhuri wa kamati, akalala fofofo.

"Mbona umenyamaza?" Fundi akamuuliza.

"Nimechoka tu."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alijua, na treni ilikuwa na vituo vinne mbele yake. Akaviacha vyote vipite.

Kuanzia siku hiyo mapenzi yakawa matamu na machungu kwa pamoja. Fundi akimletea karanga, Karani anazitia mkobani bila kuzila. Akimwita "mpenzi", anataka kugeuka aone nani anaitwa. Jumamosi alilala kitandani, kimya kimejaa nyumba nzima, kile kimya alichokitaka, na usingizi hauji. Wakati mwingine ng'ambo ya ukuta alisikia sauti ya mama mtu mzima akiita jina la mwanawe, kwa mazoea, halafu akijikumbusha mwenyewe, "Aa, kaenda kazini." Karani akajifunika mto kichwani.

Alijiambia atasema kesho. Kesho akajiambia mwisho wa mwezi. Miezi miwili ikakatika hivyo, nanyi mnajua jinsi mwoga anavyohesabu siku.

Jioni moja Fundi hakupanda behewa la tatu. Karani akapiga simu mara tano. Ya sita ikapokelewa.

"Mama ameanguka bafuni," alisema. "Tangu asubuhi alikuwa sakafuni. Nimemkuta saa nane, leo niliporudi mapema."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Hospitali wamesema nyonga imepata ufa. Dada yangu anamchukua, anakwenda kukaa kwake. Mama mwenyewe amekubali. Siwezi kumwangalia, Karani. Nimeshindwa kumwangalia mama yangu."

Hilo "nimeshindwa" lilimkata maini. Kesho yake akamsubiri stesheni, abiria wanawagonga mabega, mabegi yanawapita.

"Fundi, si wewe uliyeshindwa. Ile barua niliandika mimi. Mimi ndiye mwenye ule ukuta."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. "Lini umejua ni mimi?"

"Siku uliponiambia."

"Miezi miwili?"

"Miezi miwili."

"Barua ningekusamehe papo hapo," Fundi akasema polepole. "Hukunijua. Lakini miezi miwili nakusimulia habari za mama, nawe unatikisa kichwa, 'pole mpenzi, pole mpenzi'? Pole ya nini?" Akaokota mfuko wake wa zana, akaenda kupanda behewa la mwisho.

Simu zikafa. Karani akapungua mpaka ile sketi ya kubana ikawa inazunguka kiunoni. Wiki mbili alilia, kisha akajikaza kisabuni. Jumapili mchana, kwenye kikao cha kamati, ajenda ziliposomwa akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, ile barua ya kelele za karakana ilikuwa uongo wangu. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi. Naomba kamati iifute, na mimi niondoke kwenye ukatibu."

Mwenyekiti, mzee wa miwani aliyependa vikao viishe mapema, akaivua. "Mhuri wetu, mwanangu? Umeutumia mhuri wetu?"

"Ndiyo, mzee."

Kuna waliocheka, kuna waliosonya. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Na mimi nilikuwa nataka anitengenezee kabati!" Barua ya kufuta ikaandikwa na mtu mwingine, vibaya, lakini ikaandikwa. Baada ya siku kumi halmashauri ikaja kutoa lakiri.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, geti la Karani likagongwa. Alikuwa na kanga kifuani na povu la sabuni mikononi. Fundi alisimama pale, mikono mitupu.

"Ndiyo kwanza nazunguka hii kona," akasema. "Hatua sitini. Nimezihesabu."

"Nisamehe, Fundi."

"Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Na bado kila jioni nakutafuta kwenye lile behewa. Nimejaribu kuacha, imeshindikana. Sasa sikiliza. Nataka kukuoa. Lakini siwezi kumpelekea mama mke mwenye siri. Mwambie mwenyewe." Akabonyeza simu, akamkabidhi ikiwa inaita.

Karani akafuta povu kwenye kanga, akaipokea. Angependa kikao cha kamati mara kumi kuliko simu ile.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ile ile ya ng'ambo ya ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni jirani yako wa ukuta wa nyuma. Ile barua ya kufunga karakana..." Machozi yakamzidi. "Niliandika mimi, mama. Zile kaya ishirini na sita hazikuwepo. Nilikuwa mimi peke yangu."

Karani akasubiri matusi, na moyoni aliyataka.

"Peke yako?" mama akauliza.

"Peke yangu."

"Ofisa alitusomea ile barua sebuleni. Toka siku ile nikaacha kukaa barazani. Kila aliyepita getini nikawa najiuliza, na huyu naye? Na yule anayenipungia mkono, naye? Ndiyo maana sikubisha kuondoka. Nilidhani mtaa mzima umetuchoka." Akavuta pumzi ndefu. "Kumbe ulikuwa mmoja tu."

Karani akajiegemeza kwenye geti, analia waziwazi mchana kweupe, na majirani wawili wamesimama barabarani wanatazama.

"Usilie, hebu nisikie," mama akasema. "Mwambie mwanangu aje kunichukua. Na wewe uje naye, nikuone uso."

Mama akakata, naye Karani akamrudishia Fundi simu.

"Amesemaje?"

"Amesema anataka kurudi nyumbani," Karani akajibu, akaingia ndani kutafuta viatu.