Jini Asiyefunga Fundo

Asubuhi ile sindano ya cherehani ilikuwa imesimama juu. Bi Fundi hakuwahi kuiacha hivyo. Kila amalizapo kazi, huishusha ndani ya kipande cha kitambaa ili mtu asijichome.

"Nani kagusa cherehani yangu?"

"Hakuna, Mama," mkwewe alijibu kutoka jikoni. "Nani ana ubavu huo?"

Bi Fundi aliguna, akajikongoja hadi kwenye kiti chake cha kushonea. Goti lake la kulia lilisaga kama kinu kikavu. Lilikuwa limemnyima usingizi miaka na miaka, na kila lilipojaa maji alipelekwa zahanati, daktari akachomeka sindano nene na kuyanyonya. Kesho ilikuwa zamu yake tena.

Alasiri, akisinzia palepale, alinusa nguo iliyoungua kwa pasi. Pasi ilikuwa kabatini, ya baridi. Kisha maumivu yakakatika ghafla, na kabla hajashukuru, mguu wake wa kulia ukajinyoosha wenyewe, ukakanyaga, na cherehani ikaanza kunguruma juu ya kitambaa cheupe asichokijua.

Mkwewe alisimama mlangoni. "Mama," alinong'ona, "unashona ukiwa usingizini?"

"Mimi sishoni. Mguu ndio unaoshona."

Sauti nyembamba ikatoka chini ya goti. "Ndani ya kila mshono nimefungia uchungu wako, bibi. Niache nimalize sanda yako, hutaumia tena."

Ile harufu ya kuungua ikamjaa Bi Fundi puani hadi akahisi inamtoka yeye mwenyewe. Lakini alikuwa amewafundisha wasichana ushonaji maisha yake yote, na jicho lake liliuona mshono kabla moyo haujamaliza kuogopa.

"Sanda? Hii?" akabeua midomo. "Mshono umepinda kama njia ya mlevi! Majini wenzako wanakaa makasri, wewe umekuja kujibanza kwenye goti la kizee. Na mwisho wa uzi hujafunga fundo, mjinga wee! Unaukunja uzi mara mbili, unapitisha ncha kwenye kitanzi, unavuta. Hata mtoto anajua!"

"Mama, usimfundishe," mkwe alinong'ona.

Lakini Bi Fundi alikwisha kuishika ncha ya uzi. Akavuta. Mishono ikafumuka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulimrudishia kipande cha uchungu wake, hadi machozi yakamtiririka huku akicheka.

"Rudi, uchungu wangu, rudi! Wewe angalau tunajuana."

Mguu ukatulia. Harufu ikaisha.

Kesho yake zahanati, daktari kijana alimlaza kitandani, mkwewe akasimama kando.

"Tulia, bibi. Utasikia mchomo kidogo."

"Kidogo kwako, mwanangu."

Maji yakatoka, ya manjano. Daktari alipochomoa sindano, uzi mweupe ukaifuata.

"Nini hiki?"

"Takataka za fundi mbovu," Bi Fundi akasema kwa dharau. "Vuta tu. Yule hajui kufunga fundo."

Daktari akavuta kwa koleo, na uzi ukaja, laini, mrefu, ukijikunja sakafuni na kunuka nguo iliyoungua, ukaendelea kuja hadi mkwe akafumba macho, halafu uzi ukagoma. Akavuta tena. Ngozi ya goti ikainuka kama hema dogo.

Bi Fundi akapapasa chini ya ngozi kwa kidole kilichokagua kazi za wanafunzi wengi. Kiligusa kitu kidogo, cha duara, kigumu. Uzi ulikuwa umekunjwa mara mbili, ukapitishwa kwenye kitanzi, ukavutwa.

Lilikuwa fundo zuri. Hakuwa na la kusahihisha.

"Mama?" mkwe aliita. "Unaumwa?"

Maumivu yalikuwa yamekatika, na pale kitandani mguu wa kulia wa Bi Fundi ulikuwa umeanza kukanyaga hewa, taratibu, kama unashona mshono usiopinda.