Milo Mitatu kwa Mwaka

Mgeni aliyevaa koti zito alinyanyuka mezani, akagusisha kiganja chake na cha mhudumu, akasema, "Chukua ya sabuni, mama." Papo hapo taa ndogo iliyoning'inia darini ikawaka manjano. Sauti nyororo ikatamka neno moja, "Bakshishi," na theluthi ya fedha ile ikaingia hazina kabla mhudumu hajaurudisha mkono wake.

Mashine hiyo iliitwa Mpambanuzi, na asubuhi hiyo ilikuwa ikizinduliwa katika Mkahawa wa Mikono, jijini Mbeya. Aliyeiunda, Mhandisi Ambilikile Mwaisaka, alisimama nyuma ya wageni rasmi akijitahidi asionekane anatabasamu. Miaka minne ya kazi yake ilikuwa pale darini, haizidi ukubwa wa embe dodo.

Wakati huo fedha za karatasi zilikuwa zimebaki kwenye makumbusho. Kila mtu alikuwa na kipokezi, punje ya chuma iliyopandikizwa chini ya ngozi ya kiganja, na ndani yake mlikuwa na fedha zake zote. Kipokezi kilikumbuka pia mengine, likiwemo hili: kila viganja viwili vilipopeleka chakula mdomoni kwenye meza moja, kiliandika kwamba fulani na fulani wamekula pamoja. Maroboti yalikuwa yakipika, yakifagia na yakibeba mizigo nchi nzima, na kwa sababu hiyo kuhudumiwa na binadamu kukawa anasa. Mkahawa wa Mikono haukuruhusu roboti hata mlangoni. Matajiri walitoka Dodoma kwa treni ya sumaku ili waletewe chai na mtu anayeweza kuimwaga.

Wahudumu wenyewe walilipwa mshahara kiduchu, wakaishi kwa bakshishi. Walimu na mafundi mitambo wakanung'unika: sisi tunakatwa kodi hadi senti ya mwisho, hawa wanapokea mkononi na hakuna anayewauliza. Nao walikuwa na haki ya kunung'unika. Baraza la Ushuru la Nyanda likapitisha sheria kwamba bakshishi ni kipato kama kipato kingine, itakatwa theluthi, isipokuwa zawadi ya ndugu kwa ndugu isiguswe.

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana watu wetu wana ndugu wengi mno. Kesho yake kila mhudumu akawa shangazi wa mteja wake. Waliokuwa wakisema "dada, lete bili" sasa walisema "shemeji, chukua hii," na hakuna hakimu awezaye kumfunga mtu kwa kosa la kumwita mwenzake shemeji. Mashine ya kwanza, iliyosikiliza maneno, iliamini kwamba mkoa mzima ni ukoo mmoja. Haikukusanya chochote.

Ambilikile ndiye aliyelipata jibu. Maneno hayana kazi, aliliambia Baraza, ndugu ni yule unayekula naye. Mpambanuzi isome viganja viwili na kuhesabu: wakiwa wamekula pamoja angalau mara tatu katika mwaka uliopita, iwashe kijani na isikate kitu. Wakiwa hawajafika, ni bakshishi. Wenzake walipendekeza mlo mmoja utoshe, yeye akacheka. "Nani asiyekula na ndugu yake mara tatu kwa mwaka?" aliuliza, nao wakaona kweli, wakaandika mitatu.

Sasa taa ilikuwa imewaka manjano mara tano mfululizo, na Kamishna Leokadia, mkuu wa Baraza, alikuwa akiwaeleza wageni kwa furaha jinsi isivyodanganyika. Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Akatoka mama mtu mzima mwenye aproni ya buluu, amebeba sinia la birika za chai, bega la kushoto limeshuka kidogo.

Ambilikile alilijua bega lile kabla hajauona uso. Alikuwa mama yake, Tusekile.

Kwa jinsi alivyojua yeye, mama yake alikuwa Tukuyu, amepumzika katika nyumba yenye sakafu ya joto aliyomjengea, na roboti ya kumpikia. Fedha alimtumia kila mwezi, hakuruka hata mmoja. Kwenda ndiko kulikomshinda. Alisema atakwenda Krismasi, akasema Pasaka, kisha akasema mashine ikishazinduliwa, na miaka mitatu ikapita hivyo.

Katika mkahawa huu huu, akiwa na aproni kama hiyo, Tusekile alikuwa amemlea peke yake. Ada ya shule ilitoka kwenye bakshishi za wageni. Chakula cha jioni kilitoka kwenye sahani yake ya mchana ya wafanyakazi, aliyoifunga kwenye kopo akaenda nayo nyumbani. Alikuwa akimwekea mtoto mbele, na mtoto akiuliza mbona wewe huli, jibu lilikuwa moja: "Kula wewe, mimi nimeshakula." Ambilikile aliamini hivyo hadi alipofika chuo kikuu, ndipo siku moja akiwa kwenye foleni ya chakula akaifikiria ile sahani moja, hamu ya kula ikamtoka.

"Mhandisi," Kamishna alimwita, "manjano tumeiona. Wageni wanataka kuona kijani."

Moyo ulimdunda kwa furaha. Hakujua mama anafanya nini pale, na mbele ya watu hakuweza kumwuliza, lakini mtoto kumpa mamaye fedha, kuna ukijani gani kuzidi huo? Kwa dakika ile hesabu yake mwenyewe haikumjia hata kidogo. Akapita katikati ya meza, akamnyooshea kiganja.

"Mama, chukua ya sabuni."

Tusekile alishtuka, sinia likayumba. Aliliweka chini taratibu, akafuta mkono kwenye aproni, akautoa. Viganja vikagusana. Cha mama kilikuwa na joto la birika.

Taa ikawaka manjano. "Bakshishi," ikasema sauti nyororo.

Ukumbi ukalipuka makofi. Kamishna alicheka hadi akashika kiti. "Mnaona? Mhandisi mwenyewe kamwita mama, na mashine yake imemkatalia! Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana."

Ambilikile alifungua kinywa. Akisema huyu ni mama yangu mzazi, ingembidi aseme pia kwamba mashine imekosea, au aseme kwamba haikukosea. Tusekile alimtazama mwanawe kama alivyokuwa akimtazama zamani mwalimu alipowajia juu kwa ada, akaona kwamba mtoto amekwama. Akainamisha kichwa kidogo.

"Ahsante, mteja," alisema. "Karibu tena."

Akaokota sinia lake akaendelea na meza ya pili.

Ambilikile alimfuata jikoni baada ya hotuba, akamkuta kwenye benchi la wafanyakazi, dirishani panapoonekana mlima Loleza. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa cha kipumbavu: kwamba atazungumza na Kamishna, theluthi yake irudishwe.

"Iache," mama alisema. "Kodi nitalipa. Mwalimu wako alikatwa miaka yote na akakufundisha, mimi ni nani nisilipe? Ila mwenye mkahawa anawatoza wageni ada ya huduma, na huduma ni yetu, na hiyo taa yenu haiwaki juu ya ada hiyo. Hapo ndipo hamkututendea haki."

Kifungu cha sheria cha kuisamehe kodi ada ya wenye mikahawa Ambilikile alikuwa amekisoma, akafungua ukurasa uliofuata.

Akamwuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini ameiacha nyumba.

"Nyumba ni nzuri, baba. Na ile roboti inanishinda kupika. Inaniwekea chakula, kisha inasimama ukutani inanitazama. Nikaona heri nije huku, walau watu wananiita mama." Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Ambilikile alilia, wala hakujificha. "Mashine imekosea, mama."

"Haijakosea, mwanangu. Umeitengeneza vizuri."

Alimshika mkono. "Basi tule. Leo, sasa hivi. Tuanze na huu mmoja."

Tusekile alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kengele ya wafanyakazi ilikuwa imelia, na kila mmoja alikuwa akichukua sahani yake, moja kwa kila mtu, kama ilivyokuwa miaka yote. Akaenda akarudi na yake, wali wa Kyela na maharage. Akamnawisha mikono kwa maji ya jagi. Akaiweka sahani mbele yake, kisha akaisogeza karibu zaidi.

"Na wewe," Ambilikile alisema.

"Kula wewe. Mimi nimeshakula."

"Mama, tafadhali. Tonge moja tu."

Sauti ya kiume ilisikika kutoka ukumbini ikiita, "Mama! Chai huku!" Tusekile alikuwa ameshasimama. Alimpapasa bega mwanawe, akaweka sawa aproni yake, akatoka.

Ambilikile aliugawa wali katikati, akasukuma nusu upande ule aliokuwa amekaa mama, akangoja. Kipokezi chake hakikuandika kitu. Maharage yalianza kupoa na kushika utando juu. Kutoka ukumbini sauti nyororo ya mashine yake ilitamka, "Bakshishi," ikatamka tena, na baada ya kila mara alimsikia mama yake akimwambia mtu, "Ahsante, karibu tena."