Mkanda wa Kiti cha Abiria

Yaliyomkuta rafiki yangu, fundi umeme wa magari, hunijia kila nikifunga mkanda.

Asubuhi moja ya mvua aliingia gereji jamaa waliyembatiza Risasi kwa alivyokuwa akikanyaga mafuta. Kengele ya mkanda ilikuwa inalia, ti, ti, ti, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

“Fundi, ninyamazishie hiki kidude. Kinanipigia kelele tangu Jumatatu.”

“Jumatatu ulimpakia nani?”

“Sijapakia mtu. Kuna mama alijitupa mbele yangu pale kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Ningesimama, watu wangeniua.”

Fundi aliuma meno. Mama wa kivukoni alikuwa dada yake, na walimzika juzi tu. Akaingiza kichwa gizani chini ya kiti, akakata waya. Kengele ikazidi kulia. Akachomoa hata betri, ikalia vilevile.

Ndipo akasema polepole, “Dada, funga mkanda.”

Kitu kikalia tak juu ya kichwa chake, kisha kimya.

“Umeiweza bwana,” Risasi akasema huku akicheka. Betri iliporudishwa, akaondoka kwa mwendo wake uleule, mkanda wake mwenyewe ukining’inia.

Jioni gari lilirudi likiburutwa, limekunjika mbele kama karatasi. Kiti cha dereva kilijaa damu. Cha abiria hakikuwa na hata mkwaruzo. Mkanda wake ulikuwa umefungwa, umetuna mbele ya kiti kitupu, ukipanda na kushuka taratibu.