Robota la Kumi na Moja

Mafyekeo-tambazi yalikuwa yamemaliza kazi kabla jua halijapasha joto. Yalikuwa arobaini, kila moja na ukubwa wa sinia la pilau, na yaliteremka kilima kimoja cha Uwanda wa Kitulo yakinyoa majani na kuyapanga mistari iliyonyooka, kisha yakajirudisha bandani na kujichomeka yenyewe kwenye umeme. Hakuna mtu aliyeyaongoza. Yaliongozwa na Mratibu, akili ya mashine iliyoendesha shamba zima la ushirika wa maziwa na iliyozungumza kupitia vipaza sauti vilivyotundikwa kila mahali, hata chooni. Mwaka ule wa 2094 mambo yote pale yalikwenda hivyo, kimya kimya na kwa wakati.

Yote, ila Kisirani.

Kisirani ilikuwa mashine kuukuu ya kufunga marobota ya mviringo, na jina hilo haikupewa kwa kuonewa. Ilivutwa na trekta, ikaokota majani makavu kwa meno yake ya chini, ikayaviringisha tumboni kwa mikanda mpaka yakawa robota zito kama ng'ombe, ikalizungushia kamba ya katani na kulitema kwa mlango wa nyuma. Ilifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita. Sasa ilikuwa imesimama katikati ya shamba, haina moto, haina moshi, haina neno, na fundi Tulalumba Sanga alikuwa amelala chali chini yake, grisi mpaka kwenye nyusi, akiitukana kwa sauti ya chini ambayo mama yake asingependa kuisikia.

"Hitilafu ya beringi," Mratibu alisema kutoka kwenye saa ya mkononi mwake. "Tafadhali badilisha beringi."

Ilikuwa mara ya nne mwezi ule. Tulalumba alikuwa ameshabadilisha beringi tatu. Alikuwa amekaza mikanda, amepima rola moja moja, amesafisha vitambuzi kwa mswaki wake mwenyewe wa meno, na bado kila likitoka robota la kumi na moja, Kisirani husimama kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Baada ya dakika nne inaondoka yenyewe, wala haiombi radhi.

Alichomoa beringi ile ya tatu, akaizungusha kidoleni. Ilizunguka laini, bila mkwaruzo, baridi kabisa. Beringi mbovu huchemka mpaka ikaunguza mkono, na ikikutana na majani makavu huwasha shamba zima. Hii ingeweza kufanya kazi miaka kumi mingine. Akaitupa kwenye ndoo zilimokuwa ile ya asili na mbili zilizoifuata, zote nzima.

"Umeona?" Mzee Tweve alimwambia kutoka juu ya kiti cha trekta. "Beringi hizi za siku hizi, mama, hamna kitu."

Mzee Tweve alikuwa dereva wa Kisirani tangu ushirika uinunue. Siku hizi hakuwa na cha kuendesha. Miaka mitatu iliyopita, mashine zote kuukuu ziliwekewa mwigo, kisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni kilichokaa chini ya usukani na kujifunza mikono ya dereva: anavyopunguza mwendo majani yakiwa na umande, anavyokata kona, anavyotambua kwa mlio tu kwamba tumbo limejaa. Msimu uliopita mwigo wa Kisirani ulitangazwa umekomaa, ukafungwa usijifunze tena, na tangu hapo ukaendesha wenyewe. Lakini Kisirani haikuwa na macho ya kuona mtu akikatiza mbele yake, kwa hiyo sheria ya ushirika ilitaka binadamu akae kitini, mwenye afya kamili, mkono karibu na kitufe chekundu. Huyo ndiye alikuwa Mzee Tweve, kofia ya sufu kichwani na utani mdomoni.

Utani wenyewe siku hiyo haukumchekesha Tulalumba. Kamati ya ushirika ilikuwa imechoka. Ilishaamua kwamba chanzo cha kusimama kisipojulikana ifikapo saa sita mchana, Kisirani inapakiwa kwenye lori la chuma chakavu na kupelekwa kuyeyushwa. Badala yake ingekuja mashine mpya isiyo na kiti wala hata nati moja ya kufunguliwa, ikiharibika inarudi kiwandani nzima nzima. Kisirani ilikuwa mashine ya mwisho shambani pale iliyokubali spana. Ikiondoka, fundi naye hana kazi, na yeye alilijua hilo tangu alipoamka. Lori lilikuwa limeshafika. Wapakiaji wawili walikuwa wameketi kivulini mwake wanakula mahindi ya kuchemsha, wanamtazama.

Akafunga beringi mpya, kwa hasira tu. Kisha akafanya jambo ambalo Mratibu hakuwahi kumwagiza. Miezi yote hiyo alikuwa akiitwa mashine ikishasimama. Akija, inakuwa imeshazimwa na mzee anamngojea chini na maelezo yake tayari. Safari hii alimwambia mzee awashe, na yeye akatembea kando ya Kisirani kwa miguu, robota baada ya robota, vumbi la majani likimjaa puani. Mzee Tweve alimsihi apumzike, akamwambia atapata mafua, akamwambia fundi gani anafuata mashine kama mchunga mbuzi. Akaendelea kutembea.

Robota la kumi na moja likadondoka. Kisirani ikasimama.

Tulalumba akaweka kiganja juu ya beringi. Baridi. Akainua uso kumwambia mzee. Mzee Tweve alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Mkono mmoja umeshika kifua ndani ya koti, na mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyepanda mlima na gunia mgongoni. Hakupiga kelele, hakuita mtu. Alikuwa anavuta pumzi tu, moja, nyingine, kwa kazi kubwa. Dakika nne zilipotimia Kisirani ikaanza kwenda yenyewe, na mzee, ambaye ni wazi bado hakuwa tayari, akajilazimisha kuketi wima na kuiweka sawa kofia yake.

Tulalumba akazima kila kitu, akapanda, akauchomoa mwigo chini ya usukani na kufungua kumbukumbu zake. Yote yalikuwa mle, na hayakuwa yamefichwa. Mwaka wa kwanza, dereva alisimama kila baada ya marobota thelathini, dakika moja. Mwaka wa pili, kila baada ya ishirini, dakika mbili. Kabla tu mwigo haujafungwa, kila baada ya kumi na moja, dakika nne. Kando ya kila kisimamo palikuwa na sababu iliyojazwa kwenye fomu: beringi, beringi, beringi. Fomu ile ilikuwa na vijisanduku vitano tu: beringi, mkanda, kamba, unyevu na nyingineyo. Anayegusa nyingineyo anadaiwa maelezo ya maneno yasiyopungua mia tatu, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Mzee alikuwa amegusa cha kwanza, akakizoea, na Mratibu akaamini. Na mwigo, mwanafunzi mtiifu, ulikuwa umejifunza kupumzika.

"Mzee," alisema. "Tangu lini?"

Mzee Tweve akatazama mbali, upande wa lori. Alimweleza kidogo kidogo, kama anayelipishwa kila neno. Kifua kilianza mwaka ule ule mwigo ulipowekwa. Daktari angemwandika mgonjwa, na aliyeandikwa hapandi mashine. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumngojea isipokuwa redio. Kitini pale walau watu walimsalimia.

Tulalumba alitaka kumgombeza na hakujua aanzie wapi. Alijisikia mjinga, yeye na ndoo yake ya beringi nzima, na alimkasirikia mzee, na kamati, na fomu, na zaidi ya vyote alijikasirikia mwenyewe, maana miaka tisa alikuwa akimpa mzee huyu shikamoo kila asubuhi na kuondoka haraka.

"Niandikie beringi," Mzee Tweve alimwambia. "Mara hii moja tu, mama. Nakuomba."

Saa sita ilikuwa imefika, na wapakiaji wamemaliza mahindi. Walikuja na minyororo, wakaanza kuipitisha chini ya ekseli ya Kisirani. Tulalumba alikuwa ameshika kioo cha kujazia fomu, kidole hewani. Akiandika beringi, jibu ambalo kamati imeshachoka kulisikia, mashine inaondoka, na kazi yake, na kiti cha mzee vilevile. Akiandika kweli, mzee anaondoka peke yake. Alikaa hivyo. Hakuweza kugusa popote.

Mzee Tweve aliitazama minyororo, akamtazama yeye, akavua kofia.

"Mratibu," alisema kwa sauti ya kutosha. "Iache hiyo mashine. Beringi mbovu ni mimi. Kifua changu ndicho kinachosimama."

Wapakiaji waliacha mikono yao ilipo.

"Asante," Mratibu alisema, kwa sauti ile ile. "Hitilafu imetambuliwa. Tafadhali badilisha dereva."

Basi lori lililokuja kuichukua Kisirani likamchukua Mzee Tweve, kwa kuwa lilikuwa linapita karibu na hospitali. Wapakiaji walimpisha kiti cha mbele na kumfunika blanketi. Alipeana mkono na Tulalumba, akamwambia mlango wa nyuma unataka grisi, na wakaondoka.

Majani yalikuwa bado chini na wingu limeshaanza kukaa juu ya kilima, na ng'ombe mia tatu wangeyategemea hayo hayo kiangazi kizima. Tulalumba akaurudisha mwigo mahali pake, akapanda kitini mwenyewe, kiti kikiwa bado na joto, akaweka mkono karibu na kitufe chekundu. Kisirani ilifanya kazi bila kusumbua. Ilipunguza mwendo penye unyevu, ikakata kona taratibu, vile mzee alivyopenda.

Robota la kumi na moja likadondoka. Ikasimama.

"Zoea lisilo na mhusika limegunduliwa," Mratibu alisema. "Mvua itafika saa tisa na nusu. Kulifuta kutaokoa marobota sita. Nilifute?"

"Usiliguse."

"Tafadhali jaza sababu."

Tulalumba akachukua kioo cha fomu, akagusa nyingineyo. Alikuwa na dakika nne, kisha nyingine nne, na nyingine, mpaka mvua ifike. Akaanza na jina la mzee, kamili, la kwake na la baba yake.