Kitako cha Boksi la Jumamosi

Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, mteja aliweka boksi juu ya meza ya mwenye duka. Ndani kulikuwa na nusu tofali. Alichoagiza ni kamera.

"Nimelifungua mbele ya mke wangu," alisema. "Selotepu ya juu ilikuwa nzima kabisa."

Duka lile liliuza kamera kuukuu kwa mtandao, na hii ilikuwa ya tatu kupotea. Wateja wawili wa kwanza walitupa maboksi yao kwa hasira. Huyu alilirudisha lake.

Mteja alipoondoka, mwenye duka aliita watu wanne: mfungashaji, mpima mizigo, dereva wa pikipiki, na mwanamke aliyewabunia maboksi. Mfungashaji alikuwa mdogo wake mbunifu, tumbo moja.

"Boksi halijafunguliwa njiani," mwenye duka alisema. "Basi tofali lilitiwa hapahapa. Aliyefunga ni nani?"

"Mimi," mfungashaji alijibu. "Jumamosi saa sita. Lakini nilitia kamera, bosi."

"Saa kumi na moja nakwenda polisi. Na jina nitakalowapa ni lako."

Mbunifu alimtazama mdogo wake, kisha selotepu ya juu, nzima kama siku ilipobandikwa. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Midomo yake ilicheza bila sauti: Mungu wangu, nionyeshe, hata kama sitapenda nitakachokiona.

"Nipe hilo boksi, kaka," alimwambia mwenye duka. "Nimelibuni mimi. Litanijibu."

Alianza na karatasi ya kujazia, ile inayokunjwakunjwa na kulazwa juu ya kamera isicheze. Aliinyanyua taratibu kuelekea mwangani. Katikati yake palikuwa na duara lililobonyea, kubwa kama mdomo wa kikombe.

"Tofali halina duara," alisema. "Hii ni alama ya lenzi. Kamera ililala humu, na karatasi ikaikandamiza juu yake. Mdogo wangu alifunga kamera."

"Basi ni huyu," mpima mizigo alisema, akimwelekezea kidevu dereva. Mpima mizigo huyu alikuwa binamu yake mwenye duka. "Alichukua mzigo jana saa kumi, ameufikisha leo mchana. Umelala kwake usiku kucha."

Dereva alikunja mikono kifuani. "Mzee, mimi mzigo naubeba mgongoni, siubebi moyoni. Kwangu kuna watoto watano. Ningefungua boksi, leo wangekuwa wamempiga picha hata paka."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika tano.

Mbunifu aligeuza boksi juu chini. Alipitisha kidole juu ya kitako chake, huku na huku, hata mwenye duka akaanza kugonga meza kwa vidole.

"Kaka, jana ulikuwa wapi?"

"Nje ya mji. Unajua."

"Na wewe, mdogo wangu?"

"Nilikuwa zamu ya mapumziko. Nimerudi leo asubuhi, ukanifundisha ufungaji mpya wa kitako."

"Waeleze."

"Zamani tulibandika utepe mmoja katikati. Vitako vikawa vinapasuka. Sasa unaweka wa katikati, halafu na mwingine kila ukingo. Tatu."

"Nilianza kuufundisha jana, saa mbili asubuhi," mbunifu alisema. "Boksi hili lilifungwa Jumamosi. Lilitakiwa kuwa na utepe mmoja. Hesabuni."

Walihesabu. Zilikuwa tatu, zimenyooka, ncha zimekunjwa vizuri.

Alichukua kisu kidogo, akachokonoa utepe wa katikati na kuubandua. Chini yake palikuwa na utepe wa zamani, umechanwa kwa wembe kutoka mwisho hadi mwisho.

"Limefunguliwa kwa chini, likafungwa upya kwa selotepu yetu hii yenye mstari wa buluu. Dereva hana selotepu hii, wala hajawahi kusikia habari za tepe tatu. Jana asubuhi nilimfundisha mtu mmoja tu, aliyeshika zamu ya kufunga. Boksi hili lilikuwa kwenye rafu ya mizani, kwake, tangu Jumamosi mpaka saa kumi jana."

Wote walimtazama mpima mizigo. Alilitazama boksi.

"Ulisema kila boksi," alisema kwa sauti ndogo. "Ulisema lisitoke humu hata moja bila tepe tatu."

"Nilisema. Nawe ulinisikiliza vizuri kuliko wote."

Mwenye duka alisimama. "Binamu? Wewe wa kunifanyia hivi?"

"Tulianza sebuleni kwako, mimi na wewe, miaka sita iliyopita," alijibu, na sasa sauti ilipanda. "Ukasema duka ni letu. Siku ulipofungua ukurasa wa mtandao, picha ni yako peke yako. Mimi nikabaki na mizani. Nilitaka kuanza langu. Zipo nyumbani zote tatu, sijauza hata moja."

"Na huyu binti angefungwa," mwenye duka alisema.

"Nilidhani utamfukuza tu."

"Tu," mfungashaji alirudia.

Mwenye duka alichukua funguo za gari, akamshika binamu yake mkono, wakatoka kuzifuata kamera. Mlangoni aligeuka. "Dada mdogo, nisamehe. Kesho njoo kazini." Dereva naye aliaga.

Walibaki wawili. Mfungashaji aliketi juu ya rundo la makaratasi.

"Dada, kabla hujanyanyua ile karatasi. Ulidhani ni mimi?"

Mbunifu angeweza kusema hapana, na angeaminika.

"Nilidhani," alisema. "Kwa kitambo kile nilichokwenda dirishani."

Mdogo mtu aliitikia kwa kichwa, polepole. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani.

"Basi leo nitarudi nyumbani peke yangu," alisema. "Kesho tutaongea."

Mbunifu alimfungulia mlango, akabaki ameushika hata baada ya mdogo wake kukata kona.