Bolti Mahali pa Kisahani

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi tatu gerejini kwa mama: kufagia, kupanga spana kwa saizi, na kumsikiliza mjomba akijisifu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonichosha zaidi. Mama ni fundi wa magari ya mashindano, na mjomba, mdogo wake, ndiye dereva. Gari lao jekundu lilibeba mtungi wa naitrasi ndani ya buti. Naitrasi ni gesi. Ikiingia kwenye injini pamoja na petroli ya ziada, gari hupata nguvu kubwa kwa sekunde chache.

"Gesi hii haina mzaha," mama alizoea kusema. "Anayeichezea hachezi mara mbili."

Ndiyo maana alikuwa ameuzungushia mtungi vifaa vya kuuchunga. Ulifungwa kwa mikanda ya chuma ili usitikisike. Ulivishwa blanketi la umeme la kuupasha joto, kwa sababu ukiwa baridi presha hushuka na gari hukosa nguvu. Geji ilionyesha presha ilipofika. Na shingoni mwa mtungi palikuwa na kisahani chembamba cha chuma, kidogo kama kifungo cha shati. Presha ikizidi mno, kisahani hicho hupasuka kwanza, gesi ikatoka nje ya gari kupitia bomba, badala ya mtungi wote kulipuka.

Jumamosi hiyo, swichi inayolizima blanketi presha ikitosha ilikuwa imeharibika, hivyo mama aliliwasha kwa mkono. Mara mteja akamwita mama nje.

"Mwanangu, sindano ya geji ikifika elfu moja, zima blanketi. Usibanduke hapo."

"Sawa, mama."

Nikabanduka. Rafiki yangu wa nyumba ya pili alikuwa na kamba mpya ya kuruka, nami nikajiambia nitaruka mara kumi tu. Nilikuwa nimepita mia tano na kupumzika mara mbili niliposikia mlio, paa! Ukungu mweupe ukafoka chini ya gari. Nilikimbia, nikazima blanketi, na mama alipofika alinikuta nimesimama wima kama mlinzi wa benki.

"Sindano ilikuwa wapi?"

"Mia tisa," nikasema.

Mia tisa! Hata sijui niliitoa wapi. Mama akawaka.

"Mia tisa, na kisahani kimepasuka? Basi nimeuziwa kibovu!"

Alivuka barabara hadi duka la spea, nami nyuma yake. Mwenye duka tulimwita Bwana Subiri, kwa sababu hakuuza hata nati moja kabla ya kusema "subiri nihakikishe" na kuikagua kwa kioo cha kukuzia. Mama alimpigia kelele zilizosikika mpaka kwa fundi viatu.

"Unauza vitu vya kuua watu!"

"Fundi, kile nilikikagua kwa macho yangu mwenyewe," alijibu Bwana Subiri.

Wateja wawili walirudisha mezani vitu walivyoshika, wakatoka. Mimi nilitazama ndala zangu.

Jumapili ilikuwa siku ya mashindano. Mama alikuwa ndani akichukua funguo. Kutafuta kisahani kingine na kuujaza mtungi upya aliachiwa mjomba. Alikuwa ameshaujaza, naye ameinama kwenye buti na spana mkononi. Nilichungulia. Pale pa kisahani palikuwa na bolti nene, imekazwa kabisa.

"Mjomba, umeziba!"

"Nyamaza. Visahani vya yule mzee ni takataka. Nikiweka kingine kitapasuka tena, gesi yote ipotee."

"Lakini presha ikizidi itatokea wapi?"

"Itazidi vipi? Kile kilipasuka kwenye mia tisa. Si wewe mwenyewe uliyesema?"

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Mtu mzima, mwenye leseni, anaziba tundu la kuokoa maisha kwa sababu anaona uchungu kupoteza gesi! Atakaa kwenye usukani na bomu mgongoni, huku akipiga mluzi! Nilitaka kumfokea maneno yote niliyoyajua na mengine nisiyoyajua. Lakini kila neno lilirudi kwenye ile mia tisa yangu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikunifikisha hata Jumatatu.

Mjomba akanyoosha mkono kuwasha blanketi.

"Usiwashe!" Nilimshika mkono kwa nguvu zote. "Sikuona mia tisa! Sikuona chochote, nilikuwa nje naruka kamba! Kisahani kilikuwa kizima!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Funguo zilimdondoka. Alikwenda kwenye buti, akaiona ile bolti, akamgeukia mdogo wake.

"Wewe una akili kweli? Nikuzike kwa ajili ya kikombe cha bati?"

"Dada, ni kwa leo tu..."

"Hakuna leo tu! Utashindana bila gesi, au hushindani."

Mtungi ulitolewa, ukabaki gerejini. Mjomba alikuwa wa tano kati ya sita, na njia nzima ya kurudi hakujisifu hata mara moja. Afadhali.

Jumatatu, baada ya shule, mama alinipeleka dukani. Watu walikuwa wengi. Mama aliinama juu ya meza akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, nisamehe. Kosa lilikuwa letu."

Bwana Subiri aliweka chini kioo chake. "Juzi mlinitukana barabara nzima ikasikia. Leo mnaninong'oneza?"

Alikuwa na haki kabisa. Niligeuka kuwatazama wateja, nikasema kwa sauti kubwa, "Kisahani cha Bwana Subiri kilikuwa kizuri. Mimi ndiye niliyeacha mtungi ukapata joto kupita kiasi, kisha nikadanganya!" Mama naye akaomba radhi kwa sauti ile ile ya Jumamosi. Ndipo mzee akatoa kisahani kipya na swichi mpya.

"Subiri nihakikishe," akasema. Alipomaliza, akanipa kioo nami nikague.

Tulipokuwa tunavuka barabara mama alinishika bega.

"Nilikosea kukuachia kazi ya mtu mzima, tena swichi ikiwa mbovu. Nilikosea pia kumtukana mtu kabla ya kuuliza vizuri. Hayo ni yangu. Na wewe sikiliza lako. Kile kisahani kilipasuka ili kituambie kuna hatari, nasi tungesikia. Mjomba wako aliziba tundu kwa bolti. Lakini wa kwanza kuliziba ulikuwa wewe, kwa neno moja. Siku nyingine ukikosea, niambie kosa likiwa bado dogo."

"Ndiyo, mama."

Tulifunga kisahani pamoja. Ile bolti mama aliitundika kwa waya juu ya meza ya spana, na kila Jumamosi mimi ndiye ninayeifuta vumbi.